Karani, Andika

Mguu wake niliujua kabla sijalijua jina lake.
Wa kushoto ulimzidi wa kulia kwa upana wa kidole,
basi jozi moja niliishona kama jozi mbili
pale kibarazani, Mtaa wa Sikukuu:
njumu sita za ngozi kila soli, misumari mitatu kila njumu,
na msumari ukichomoza ndani, alicheza nao,
akaja Jumatatu na soksi imeganda damu:
"Fundi, nyundo yako imenisalimia."

Kondo Mwinyigogo, mtoto wa Buguruni.
Alikuwa akipakia katani kwenye mabehewa
bwana mkubwa wa reli alipomwona
akipiga danadana kwa kopo la maziwa,
wenzake wakihesabu, wakasahau na mzigo.
Hakuulizwa umri. Hakuulizwa shule.
Kesho yake kaandikwa: Karani, Daraja la Tatu,
shilingi tisini kwa mwezi,
na penye sahihi akaweka dole gumba.

Wengine wakati ule walicheza kwa sifa
na sahani ya pilau baada ya kombe.
Wazee wa klabu yake ya zamani walisusa:
mpira wa mshahara, wakasema,
ni kama kumkodi mtu akulilie msibani.
Yeye alinunua bati, akaezeka kwa mama yake.
Bati halisusi.

Jumamosi Ilala tulijaa hadi juu ya ukuta.
Akiupata mpira pembeni mwa kushoto
uwanja mzima ulinyanyuka: Karani, andika!
Akaandika.
Beki mmoja, nukta. Beki wa pili, nukta.
Kipa alibaki akiitazama nyavu
kama mtu anayesomewa hukumu kwa lugha ya ugenini.
Misimu saba.
Mimi nilihesabu kwa soli.

Kisha masika yale Jangwani ilipogeuka ziwa,
na mechi na watu wa bandari haikuahirishwa.
Goti lilitoa sauti ya muhogo mkavu.
Niliisikia nikiwa jukwaani, naapa,
na mkono wangu ukatafuta nyundo.

Ofisini wakamwambia: haya, Karani, kalia kiti chako.
Wakampa daftari la mizigo na kalamu.
Siku tatu alichovya nibu kwenye wino,
akaitoa, akaifuta, akaichovya tena.
Siku ya nne akaniletea barua nimsomee.
Nikamsomea nusu: wanakushukuru, kazi imekwisha.
Nusu ya pili niliikunja.
Ilisema: hana ujuzi wa kazi aliyoajiriwa.

Akarudi Ilala kwa mlango wa nyuma,
ndoo ya chokaa mkono huu, ufagio mkono ule,
akichechemea kutoka kibendera hadi kibendera.
Hakutumia kamba.
Vijana walikimbia juu ya mistari yake
bila kujua ni ya nani,
na ikifika jioni imefutika.
Hivyo, miaka kumi na nne.

Zikaja zile jioni za kisomo cha watu wazima,
karabai darasani, babu na wajukuu benchi moja.
Sikujua kama alikwenda.
Siku moja akaingia, penseli sikioni kama seremala,
akaliomba daftari langu la madeni.
Akalifungua kwa kidole, polepole,
kama mtu apapasaye njia gizani,
hadi kwenye jina lake.
"Umeniandika Mwinigogo," akasema.
"Miaka yote hii. Y iko wapi?"
Akaichomeka mwenyewe, kubwa, imeinama kushoto.

Nikacheka. Hakucheka.
Akatoa mfukoni ile barua, mikunjo imekuwa matundu,
akaitandaza juu ya kalibu la mguu wake,
ambalo sijampigia mwingine kiatu kwalo.
"Fundi," akasema, "hukunisomea yote."

Nilishika msumari mdomoni, nikakaa nao.

Deni bado lipo: njumu sita, shilingi mbili.
Kuna watu wameniuliza kwa nini silifuti.
Nitalifutaje, na y yake imo humo?