Milimita Nne

Milimita nne za mkono wa Torgny Bergfalk,
mfunga vitabu mstaafu wa mji wa Lund,
zilinifikia Jumanne juu ya barafu,
theluji ikigonga dirisha la maabara.
Mkono wenyewe ulibaki kwake, ukitetemeka.

Kazi ya ngozi kila mtu aijua:
kufunika, kuziba jeraha, kukaa kimya.
Nikaiambia, basi, acha.
Nikaitilia jeni chache, chakula kigeni, joto la kwapani,
nikangoja kama angojaye unga uumuke
asithubutu kufunua sufuria.

Siku ya tisa, hamna kitu.
Ya kumi na nne, seli nyingi zilikufa.
Nilizihesabu. Nikaenda nyumbani.

Ya ishirini na tatu, moja ilitoa uzi,
uzi ukapapasa,
ukakuta uzi mwingine unapapasa.
Sindano ya kioo ilipogusa,
umeme ukajibu.

Wasemao ngozi huvutwa ingali maji
hii hawakuiona:
kavu, ya miaka sabini na mmoja,
haikupitia utotoni kwanza,
imevutika na uzee wake wote.
Tena ngozi na neva, tumboni mwa mama,
zilikuwa shuka moja kabla ya kukunjwa.

Torgny alikuja kuziona.
Akainamia darubini, vidole vikipiga meza
tik, tik, tik.
"Nazo zinatetemeka?"
"Hapana," nikasema.
Kisha, kwa kuwa hapendi kudanganywa: "Bado."

Akacheka.
Akavaa glavu zake, dakika nne nzima.
Sikumsaidia. Hakuomba.