Aune wa Ngazi B Asema na Majirani

Sitawachelewesha, kahawa isije ikapoa.
Mimi ni Aune, wa ghorofa ya nne,
niliyewapikia wanenu supu ya njegere kila Alhamisi,
miaka thelathini na mmoja, shuleni.
Mnanijua: kuomba sijui.
Leo naomba.

Mjukuu wangu Eelis alipokwenda jeshini
aliniachia kompyuta yake ya michezo,
dude jeusi lenye taa za zambarau.
Akasema, Bibi, usiiguse.

Nikaigusa.

Niliigusa kwa ajili ya Sisko wa chini,
ambaye kijiko hulia kikombeni kabla hajakoroga.
Binti yake anasoma chuo kikuu, Turku.
Alinieleza: mwilini mna nyuzi zinazojikunja,
na zikikosea mkunjo mmoja
mkono hutetemeka, jina la mume hupotea.
Kuzifuata nyuzi hizo, mkunjo baada ya mkunjo,
mashine moja ingezeeka haijafika popote.
Ndiyo maana kazi hukatwa vipande,
kila nyumba ikatumiwa chake mtandaoni,
kama soksi za mnada wa kanisa:
wewe shona kisigino, yule ashone kidole.

Basi mimi nalala, yenyewe inakesha,
inavuma kama friji lenye mawazo.
Asubuhi kipande kimerudi kilikotoka,
na glavu nilizoanika juu yake zimekauka.

Siwafichi, umeme unalipwa.
Bili ya kwanza niliisoma nimesimama,
ya pili niliisoma nimeketi.
Sasa naiwasha usiku, bei ikishuka.
Kutoa ni moyo, ndiyo, lakini bili nayo ina macho;
asiye na cha ziada asijinyime mkate.

Wala siwaahidi dawa.
Februari niliuliza: vipande vyangu mia nne
vimezaa nini?
Jibu: hapana. Mia nne, zote hapana.
Si hapa, wala hapa, wala pale.
Nilinuna siku mbili.

Halafu nikamkumbuka marehemu Oiva,
usiku ule mtoto wa Kumpula alipopotea msituni.
Wanaume walijipanga mstari mmoja,
kila mtu na tochi yake, na ukanda wake wa theluji.
Oiva alirudi alfajiri, ndevu zimeganda,
hakuona kitu.
Aliyemwona mtoto alikuwa mtu wa tisa kushoto kwake.
Lakini nani angethubutu kugeukia kule kwenye mashimo
kama Oiva hangepita kwingine
akapaza sauti: huku hayupo?

Jana usiku nilisimama kituo cha basi
nikahesabu madirisha yetu.
Vitaa kumi na saba vinapepesa gizani,
mashine macho, kazi hamna,
zinamsubiri mwenyewe aamke asome bei ya viazi.
Ya Reijo peke yake ingebeba mzigo wa tatu kama yangu.
Reijo, usitazame viatu.

Eelis alikuja likizo Ijumaa, kichwa kimenyolewa,
akaikuta yake imeshikwa na kazi.
Nilijiandaa kugombezwa.
Akavuta kiti. Imebaki asilimia ngapi?
Sita, nikamwambia.
Akangoja.

Ni hayo tu. Karatasi ya majina iko karibu na birika.
Kalamu nimeifunga uzi,
maana ile ya mwaka jana mliondoka nayo.