Dakika Saba Kivukoni

Saa moja na robo asubuhi, Makadara.
Pikipiki yangu mbele, magari manne meusi nyuma,
na nyuma yake jiji zima limekunja uso.
Tumeshapasua Barabara ya Jogoo kwa ving'ora,
kila mtu amepisha:
mkokoteni wa maji, basi la shule,
pikapu yenye jeneza, inaelekea Makueni.
Hata maiti tumeiambia ingoje.

Ndipo boriti ya kivuko ikashuka.

Bi Nthenya, mlinda reli,
koti la kijani limepauka mabegani,
bendera nyekundu mkononi, kikombe cha uji kitini.
Nikamfokea: Fungua! Huoni nani anapita?
Akanitazama kama mtu anayetazama saa.
"Mimi naona," akasema. "Treni ndiyo haioni."

Redio begani ikaanza kutukana.
Inspekta Kaguongo, gari la pili:
Mwambie yumo nani humu.
Afande, kuna treni.
Mwambie!
Afande, treni haisomi nambari za gari.
Hilo la mwisho sikulisema.
Nililimeza kavukavu, kama kidonge cha malaria.

Mimi ni mtoto wa Malaba.
Mpaka ulipita nyuma ya jiko la bibi;
kuku wake walitaga Uganda, wakalala Kenya,
na hakuna aliyewadai pasipoti.
Nilidhani mpaka ni kitu cha kuruka
ukitumwa chumvi kwa shangazi.

Kisha serikali ikanipa bunduki,
ikanipeleka mpaka mwingine, kaskazini,
mchanga, waya, darubini moja kwa watu kumi na mmoja.
Galgalo ndiye aliyenifundisha kusoma nyayo:
mwenye haraka huchimba kwa vidole,
mwenye mzigo huchimba kwa kisigino,
na asiyeacha alama yoyote, huyo mwogope.
Tuliomba matairi kwa barua. Tukaomba tena.
Siku Galgalo alipokanyaga kilichofukiwa
gari letu lilikuwa juu ya mawe.
Tulimbeba kwa blanketi, saa nne kwa miguu.
Ya tatu aliacha kuuliza tumefika wapi.

Haya magari manne, nimeyahesabu:
matairi kumi na sita, na manne ya akiba.
Mapya.

Treni ikaja bila kutuangalia.
Mabehewa arobaini na mawili, ngano, mbolea, mafuta,
na juu ya moja, askari wa reli
amevaa mfuko wa plastiki juu ya kofia, manyunyu yale,
bunduki mapajani, hindi la kuchoma mkononi.
Akanipungia lile hindi.
Haikuwa saluti.
Nikajikuta nimempungia.

Kanuni inasema: msafara ukisimama, shuka, linda mlango.
Nikashuka. Dereva alikuwa amefungua kioo kidogo, joto.
Nikamwona mkubwa, mara ya kwanza katika miezi minane.
Amelala. Mdomo wazi.
Kiatu kimoja amekivua, soksi imetoboka,
kidole gumba kinachungulia Nairobi
kama mtoto aliyekatazwa kutoka nje.
Mapajani, hotuba. Neno *usalama*
limepigiwa mstari mara mbili.
Jina lake silitaji. Niliapa.

Behewa la mwisho, kisha kimya kile
ambacho reli huendelea kukiimba kidogo.
Bi Nthenya akachukua kikombe chake.
"Mkubwa amesemaje?"
"Hajasema kitu."
"Basi ni mstaarabu."

Boriti ikapanda.
Ile pikapu ilikuwa imejisogeza ukingoni,
mwanamke nyuma ameshika jeneza kwa mikono miwili
lisiteleze. Viatu vyake vimejaa tope.
Matairi ya pikapu yalikuwa vipara, yote manne,
lakini yalikuwepo.
Nikainua mkono kwa msafara: Ngoja.
Nikainua mwingine kwa marehemu: Pita.

Redio ilisema mengi.

Jioni hii naandika maelezo, kama nilivyoagizwa:
Msafara ulicheleweshwa na treni, dakika saba.
Zimebaki sekunde ishirini
ambazo Inspekta anataka sababu yake.
Kalamu ninayo. Karatasi ipo.
Nimeandika tarehe.