Kajificheni kwa Sentimita

Huwezi kujenga gofu moja kwa moja.
Nilijaribu mara tatu, likatoka jalala.
Gofu hujengwa zima kwanza:
ukuta, dari, ngazi mpaka juu,
vidaka sita vya kuwekea vikombe,
ndipo ulivunje.

Basi nikajenga zima.
Povu la boksi la friji ndilo tumbawe langu,
nimelidonoa kwa msumari, tundu baada ya tundu,
mpaka likafanana na jiwe lililougua ndui.
Vijiti vya mishikaki ni boriti;
nimevikata vibaya makusudi.
Waya wa redio ya marehemu baba
unaning'inia dirisha kwa dirisha,
hauwashi kitu.

Mchana napima rangi dukani Darajani,
kopo la lita nne, ndoo ya ishirini,
wote wanataka nyeupe ya hospitali.
Usiku naitafuta rangi asiyoinunua mtu:
ya ukuta ulionyeshewa masika thelathini.
Chai kavu kwanza, iliyokolea,
idondoshwe juu, iachwe iteremke yenyewe.
Kisha masizi ya kibatari kwa mswaki mkuukuu.
Kutu naikuna kwenye bati la kweli;
kwenye kutu sidanganyi.
Kuvu ni sponji la kuoshea vyombo,
kijani cha maji ya mtaro.

Mundhir, mtoto wa dada, akauliza,
"Mjomba, watu umewaweka wapi?"
Nikamwambia, Kajificheni, jina lenyewe lasema.
Hakucheka.
Akachora paka, akamkata kwa mkasi,
akamsimamisha barazani.
Paka ana miguu mitano. Nimemwacha.

Usiku wa Ijumaa nikaivunja,
kwa kidole gumba, kutoka juu, kama ilivyokwenda:
dari ikakaa juu ya ghorofa,
ghorofa ikastahamili kidogo,
kisha ukuta wa kibla.
Kifusi kikawa kisafi mno.
Nikapepeta chokaa kwa chujio la chai
mpaka nikapiga chafya.

Nikamwita Bi Shinuna aje atazame.
Alipanga mule miaka arobaini na moja.
Siku ilipoanguka alikuwa mazikoni Makunduchi;
maiti ndiye aliyemwokoa, husema,
na kila akimtaja humwomba radhi.

Akavaa miwani. Akainama.
"Ukuta wangu haukuwa mweupe.
Nikitia buluu ya kufulia ndani ya chokaa,
kila Shaabani, kwa mkono wangu."
Kesho yake akaniletea pakiti.
"Na hapa palikuwa na sufuria ya mbaazi.
Iweke. Nilikwisha kuzitia nazi."

Halafu akauliza mlango.

Nikanyamaza.
Mvua naijua inavyokula:
huanza pembeni, hulamba, huondoka, hurudi.
Lakini mlango ule haukuanguka.
Waliung'oa siku ya tatu, vumbi halijatua,
wanaume wanne, tindo, gari ya mizigo;
wakachukua fremu na nakshi zake na misumari ya shaba,
wakaacha tundu lenye kingo zilizonyooka.
Mtaa mzima umepinda,
ukuta, ngazi, waya, hata paka;
palipoibwa tu ndipo pamenyooka.

Nikachukua wembe. Nikakata mara moja.
Kingo zile sikuzitia chai
wala masizi. Nyeupe,
nyeupe ile ile ya hospitali.

Bi Shinuna akafungua fundo la kanga
akatoa ufunguo.
Akaulaza mtaani, mbele ya baraza:
kichwa kwa muuza kahawa,
meno yakafika mlango wa msikiti.
"Uache hapo," akasema, "wajue ukubwa."

Alipoondoka nikauwekea rula.
Sentimita kumi na tisa.
Nyumba nzima, kabla sijaivunja,
ilikuwa kumi na saba.