Sehemu ya Mjumbe

Nakala zilikuwa nane, sisi arobaini na watatu,
na ile ya benchi letu mchwa walishaanza na jalada.
Mwalimu Benedikta Mkwemba aligawa sehemu kwa kidole:
Nandonde mfalme, kwa sababu ya sauti,
Bihawa malkia, kwa sababu hakutaka,
Dadi Nampoto mwana wa mfalme.
Mimi mjumbe. Mistari minne, ukurasa wa sabini na moja.

Dadi alilalamika.
"Mwalimu, nakufa nyuma ya pazia? Hata kelele sipewi?"
Tukacheka. Ukungu wa Julai ulikuwa umeegemea dirishani
kama mtu asiye na kiingilio.

Ubaoni akaandika TANZIA, na chini yake:
kifo hakichezwi mbele ya watu, huletwa kwa maneno.
Chini kabisa, kinaya: hadhira inajua, mhusika hajui.
Nilipigia mstari kwa wino mwekundu wa kuazima.

Mistari yangu niliikariri bombani, kwenye foleni ya ndoo:

    Malkia, nimefika, viatu vimenitoka,
    njia imejaa shaka, na mito imefurika,
    farasi ameanguka, mlinzi amenicheka,
    ninalo la kutamka, kwanza maji nipatie.

Niliichukia. Mji unaungua, huyu anasimulia viatu!
Nikamwambia mwalimu mtunzi amekosea,
angesema tu: mwanao amekufa.
Maneno mawili, pazia, twende nyumbani.
Alinitazama kidogo.
"Haya, andika hivyo kwenye mtihani, uone."

Oktoba korosho zikaanza kuingia ghalani
na Dadi akaacha kuja. Ada.
Alipata utingo kwenye lori la mjomba wake,
Newala hadi bandarini Mtwara, kurudi, kulala juu ya turubai.
Wiki mbili Nandonde alisoma sehemu zote mbili,
akijiita mwanangu, akijiitikia baba.

Alhamisi, kipindi cha tatu,
makamu mkuu alisimama mlangoni, hakuingia.
Alinong'ona vibaya. Hata benchi la nyuma lilisikia:
breki, mteremko, upande wa Shimo la Mungu.
Tukakaa na lile neno, watu arobaini na wawili,
na mama yake huko kwake hajui.

Mwalimu akatafuta macho ya mtu, akapata yangu.
"Unapafahamu kwao. Mwambie tu asiondoke. Tunakuja."

Nilihesabu mikorosho. Nilipotea hesabu, nikarudi nyuma nikaanza upya.
Niliinama kufunga kamba
ya kiatu kisicho na kamba.

Bi Somoe alikuwa uani, anamenya ming'oko.
Nikasema: leo foleni ya bomba imefika msikitini.
Nikasema: mbuzi wa kina Hokororo wamekula mihogo ya shule.
Nikasema vumbi. Nikasema jua.
Nikasema, Mungu wangu, nikasema viatu.

Hakunikatiza.
Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya ganda,
sijui tangu lini.
Akainuka, akachota kikombe mtungini,
na wiki ile ndoo moja ilikuwa shilingi elfu,
akanipa kwa mikono miwili.
"Kunywa kwanza. Kisha umalizie."

Ndipo nikaona amejitanda kanga ya kutokea,
na kandambili zake ziko kizingitini, zimeelekea njiani.
Uani pale, asiyejua kitu
nilikuwa mimi.

Mtihani wa muhula, swali la saba:
Fafanua dhima ya mjumbe katika tanzia. Alama kumi.
Niliandika: Mjumbe huomba maji.
Nikaweka kalamu chini, nikatazama benchi lenye nafasi
mpaka kengele.

Mwalimu Benedikta alinipa nne.
Sasa nina watoto, nina duka la pembejeo pale stendi,
yeye hununua kwangu salfa kila msimu, tunabishana bei,
na sijawahi kumuuliza zile nne zilikuwa za nini.