Jaruba la Tatu

Mia na sabini na nane juu ya mia na nne.
Nikapima tena, mkono wa kushoto. Ile ile.
Bi Mize Shaame hakuitazama mashine, alinitazama mimi:
"Sema, mwanangu. Uso wako ushasema nusu."

Nikaanza kama nilivyofunzwa.
Nikafungua karatasi iliyotoka mjini: moyo mwekundu,
na mwanamme wa viatu vyeupe anakimbia, meno nje.
"Huyu," akauliza, "kafukuzwa na nani?"

Mama wa watu hutoka kwao Shumba kabla jua halijatoka,
kwa miguu mpaka majarubani,
akakwangua, akazoa, akabeba gunia kichwani,
nami namwambia atembee nusu saa kwa siku.
Nikaikunja karatasi. Niliona haya.

"Basi punguza chumvi." Neno lilinitoka
kabla sijaiangalia mikono yake,
vidole vimepasuka, weupe umekaa ndani ya nyufa
kama chokaa.
Akacheka mpaka wagonjwa wa benchi wakageuka.
"Chumvi imeniezekea bati.
Chumvi imempeleka Raya kusoma Chake.
Leo uje wewe na kalamu yako unambie tuachane?"

Nikaiweka kalamu. Nikamuuliza jana kapika nini.

Muhogo wa nazi. Papa mkavu. Chumvi? "Ya mkono."
Mkono gani? Akanionyesha: vidole vitatu mwanzo,
vitatu tena tui likichemka,
na kidogo juu ya sahani, "ya kumridhisha bwana."
Na vidonge? "Kichwa kikiuma. Kikipoa naacha.
Sita nimempa dada yangu wa Konde,
naye kichwa chamuuma."

Nikamwambia presha si kichwa, wala haipigi hodi.
Ni mchwa ndani ya mlango:
rangi nje inang'aa, na ubao umekwisha.

Akalivuta buibui begani.
"Kaka yangu Kombo," akasema polepole,
"alianguka pale, jaruba la tatu.
Mkono ukagoma, mdomo ukaenda upande.
Tukampunga siku saba. Ya nane tukamzika.
Hakuna aliyetwambia kuna mkanda unaopima."

Hapo sikuwa na karatasi.

Ni yeye aliyeanza tena:
"Papa nitamroweka usiku kucha.
Maji ya kwanza nimwage, na ya pili.
Chumvi naijua inavyoingia, najua na inavyotoka.
Ndimu tunazo, pilipili tele.
Bwana atanuna, kisha atakula.
Na kidonge?"
Kila siku, nikasema. Kichwa kiume, kisiume.
"Basi kitakaa juu ya mswala.
Siwezi kuukunjua nisikione."

Mwezi ukaandama, ukapita. Akarudi.
Mia na hamsini na sita. Bado, Bi Mize.
"Bado," akaitika, "lakini imeshuka.
Jaruba halikauki kwa jua la siku moja."

Akanitilia mkononi kifuko kilichofungwa kwa uzi,
chumvi ya jaruba la tatu, safi, nyeupe pepepe.
"Yako hiyo. Nimekupimia kijiko kimoja.
Ikutoshe mpaka nije tena."