Makopo ya Lindsay

Katika gereji ya ndugu yangu, huku Invercargill
ambako upepo wa kusini haupigi hodi,
huingia tu kama mtu aliyekuja kudai chake,
nimekuta makopo sita nyuma ya mashine ya nyasi.
Kimea cha shayiri. Kutu shingoni.
Na kwenye kitako, tarehe ya mwisho:
Machi, elfu mbili na kumi na moja.

Lindsay alikwenda migodini Australia.
Akasema, Ngaire, usiyaguse, narudi Krismasi.
Hakusema Krismasi ipi.

Kopo la kwanza nililolishika lilikuwa limevimba tumbo.
Nikalipeleka jalalani kwa mikono iliyonyooka,
uso nimeugeuzia pembeni.
Hilo halina mjadala.
Matano yaliyobaki yalikuwa na adabu zao,
hayakufura, hayakubonyea,
yamekaa tu, kama watu waliozoea foleni.

Tavita wa jirani, mtu wa zamu za usiku kiwandani,
alikuja na kifungua kopo na mashaka yake yote.
"Hicho si kinywaji," alisema. "Hicho ni cha makumbusho."
Nikafungua.

Lebo bado inaahidi dhahabu.
Ndani mlikuwa na lami,
lami nzito inayonukia sukari guru iliyoungua.
Nikachovya kidole: tamu, halafu chungu,
halafu tamu tena,
kama mtu anayeanza kuomba radhi akaghairi.

Chini ya kifuniko, pakiti ya hamira.
Niliimwaga kwenye maji vuguvugu na kijiko cha sukari,
nikakaa nayo dakika ishirini
nikiitazama kama anayeuguza.
Haikufurukuta. Hapakuwa na povu hata moja la kusingizia.
Nilijua imekufa. Lakini kufa nako huulizwa kwanza.
Hopsi zake zilinuka jibini na soksi,
hizo nikazitupia mboji.

Tavita akaenda mjini, akarudi na hamira mpya.
Akasema: "Mzee anaweza kucheza,
ila ngoma apige kijana."
Tukachemsha maji, tukamimina, tukakoroga
mpaka bega likalalamika.
Ndoo tukaivisha blanketi la Lindsay,
maana Julai hapa maji huganda bombani.

Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya pili, Tavita alipita, akatega sikio,
akaondoka bila neno.
Siku ya tatu, saa kumi alfajiri,
natoka chooni, nikasikia stoo:
blup.
Halafu kitambo kirefu,
cha mtu anayetafuta jina la mtu.
Blup.
Nikakaa sakafuni, miguu peku, baridi ile,
nikasikiliza hadi pakapambazuka.

Wiki ya sita tukafungua chupa.
Nisiwadanganye, haikuwa nzuri.
Rangi ya maji ya kinamasi,
ladha ya tofaa lililosahauliwa mfukoni mwa koti.
Tavita alimaliza glasi, akaikagua kitako,
akaisogeza tena mbele yangu.
Jungu kuu halikosi ukoko, husemwa.
Haisemwi kwamba ukoko hukwanguliwa,
na kucha hukatika.

Usiku ule nikampigia Lindsay.
Miaka mitatu hatujasemezana,
sababu yake ni shamba la mama, sitaki kuirudia.
Nikasema: "Nimeyagusa."
Simu ikanyamaza. Nikahesabu kama nilivyohesabu stoo,
nikadhani nayo imekufa.
Kisha kutoka upande ule wa bahari:
"Sukari umeweka kiasi gani?"
"Kilo moja."
"Nyingi mno hiyo, Ngaire. Nyingi mno."

Makopo yamebaki manne.
Sijayahamisha.